Consolata na Maji Matatu ya Rubafu

Ukifika mwaloni Rubafu, pale zinapotia nanga boti za wavuvi, saa za jua kali ukauliza kinywaji cha baridi, hutaelekezwa dukani. Utaelekezwa kwa Consolata. Utamkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kanga moja kiunoni na nyingine begani, na kabla hujamaliza kumsalimu atakuwa amekwisha kukutazama na kuamua kwamba wewe ni mtu wa kikombe kikubwa. Kisha atavuta kamba kutoka majini, bila haraka, na mwisho wa kamba litatokea dumu la omuramba, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijachachuliwa ikawa pombe ya lubisi. Si baridi ya friji. Lakini koo lililotoka juani halina ubishi, na Consolata atakuambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hakuna omuramba kama wake kuanzia Rubafu mpaka Muleba.

Watu wa Kagera wanasemwa kwa majivuno, na wengi wao hukasirika wakisikia hivyo. Consolata hakasiriki. Anasema mtu akiwa na kitu kizuri akakificha ni mchoyo, na yeye hakulelewa uchoyo.

Alizaliwa Ngenge, Muleba ya ndani, kwenye vijiji vya mahindi na maharage, ambako maji aliyoyajua yalikuwa ya kisima na ya mvua. Alipoletwa Rubafu kama bibi harusi wa Kyaruzi, alisimama kwenye ukingo wa kibanja, shamba la migomba la wakwe zake, akalitazama ziwa kwa mara ya kwanza, kisha akauliza kwa sauti kwa nini eneo lote lile halijalimwa. Ukoo mzima ulicheka mpaka mashavu yakawauma. Walilirudia neno lile kwenye harusi na kwenye misiba kwa miaka mingi, na yeye alicheka nao, ila moyoni hakuona alichokosea. Aliuliza swali la mkulima, basi.

Kamba ndiyo iliyomfundisha ziwa. Mwanzoni alizamisha dumu kwa kubahatisha, siku nyingine likarudi na baridi nzuri, siku nyingine likarudi na uvuguvugu wa maji ya kuogea mtoto. Wateja wakanuna. Consolata si mtu wa kununiwa, kwa hiyo akaanza kufunga vipande vya kitenge kwenye kamba, kimoja kila pima, akawa anashusha dumu kipande kwa kipande na kukumbuka baridi inapoanzia. Akagundua kwamba haianzi polepole. Kuna mahali joto linakoma ghafla na chini yake baridi imelala, imetulia, haichanganyiki na ya juu. Miezi ya jua, baada ya mvua za vuli, mpaka ule unakuwa mkali kabisa. Ukija upepo wa kusini wa mwezi wa sita na wa saba, ziwa linakorogwa, mpaka huo unapotea, na dumu likikaa juu au chini ni yale yale. Alidhani ni tabia ya ziwa zima, akairidhia, akauza juisi.

Kyaruzi alifariki akamwachia binti mmoja, Annastella, ambaye sasa ameolewa Hamugembe, mjini Bukoba, na kibanja chenye migomba iliyonona na mibuni ya zamani. Kusema alimwachia ni kutia chumvi. Kibanja ni cha ukoo, na mwanamume wa ukoo aliyebaki ni Datius, mdogo wake Kyaruzi, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwa Consolata. Datius hakumfukuza. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alipalilia kwake na kwa shemeji yake, na paa lilipovuja alipanda yeye. Lakini kulikuwa na jambo moja.

Uhayani mgeni hupewa kwanza akamwani, punje za kahawa ya kutafuna, na anayezitoa ni mwenye mji. Tangu Kyaruzi azikwe, kila mgeni alipoingia kwa Consolata, Datius alinawa mikono, akavuka uwanja na kuja kuzitoa yeye. Kahawa ilichumwa na Consolata, ikachemshwa na majani yake na Consolata, ikaanikwa na Consolata, ila mkono uliomfikia mgeni ulikuwa wa Datius. Consolata, mwenye jibu kwa padri na kwa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akitazama pembeni na kujifanya anarekebisha kanga. Ilimuuma, na hakumwambia mtu.

Habari za vizimba zilipofika Rubafu, Consolata ndiye aliyewakusanya wanawake. Vizimba ni vyumba vya nyavu vinavyoelea kwenye mapipa ya plastiki, ndani yake unafuga sato, ambao wenyeji huwaita engege. Wakaanzisha kikundi, wakakiita Tweyambe, wakajinyima mpaka wakapata vizimba viwili. Datius alipoona shughuli imekolea akaweka cha tatu, kwa jina la mkewe Georgina.

Swali likawa vikae wapi, na Consolata alikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Chini ya kibanja chao kuna ghuba ndogo iliyokumbatiwa na jabali refu upande wa kusini, lile lile linalopakana na mwalo, anakofungia kamba ya dumu. Mawimbi hayaingii, maji yametulia, na kutoka kwenye migomba unaviona vizimba vyako vyote. Mtu hulima karibu na nyumba, alisema, mbali ni rweya, ni nyasi tupu na udongo usio na shukrani. Kila Mhaya aliyekuwepo alielewa, kwa sababu ndivyo wanavyoishi: kibanja kinazunguka nyumba, kinapata maganda, majivu, samadi na jicho la mwenyewe, na huko nje kwenye rweya hakuna anayejisumbua nako. Datius alikubali, akaongeza sharti moja. Wafunge kamba zao kwenye jabali lake, mbele ya kibanja chake, na atawalindia.

Wazo la pili la Consolata ndilo lililosifiwa zaidi. Huko Ngenge aliwahi kuona mtu akitia samadi kwenye bwawa la samaki, maji yakawa ya kijani na samaki wakanenepa. Akawaambia wanawake kibanja hakistawi kwa kutazamwa, kinatupiwa. Basi kila asubuhi, pamoja na chakula cha samaki cha dukani, wakawa wanashuka na maganda ya ndizi, machicha ya lubisi na kinyesi cha ng'ombe, wanamwaga kuzunguka vizimba kwa moyo mweupe. Datius aliupenda mpango huo kuliko wote, akawa anashuka na toroli. Maji yakawa kijani. Samaki wakapanda juu kwa shangwe kila walipolishwa. Watu wakaja kutoka vijiji vya jirani kutazama, na Consolata akawaeleza kila kitu mara mbili.

Ilikuwa Februari, samaki wamekaribia kuvunwa, Burhani alipokataa kumaliza kikombe chake. Burhani ni fundi wa injini za boti, mwenye boti yake mwenyewe, na hakuwahi kuacha omuramba hata tone. Alinusa dumu, akamtazama Consolata kwa huruma na kumwuliza kama siku hizi anachanganya na mayai viza.

Consolata alimjibu jibu ambalo halifai kuandikwa. Lakini aliporudi nyumbani alilinusa dumu lake. Juisi ndani ilikuwa salama, harufu ilikuwa nje, kwenye plastiki na kwenye kamba. Kipande cha mwisho cha kitenge, kile cha chini kabisa, kilikuwa cheusi. Akasugua kwa majivu na limao, akalaumu dumu, akanunua jipya. Wiki iliyofuata kipande cha pili kutoka chini kilikuwa cheusi pia. Halafu cha tatu. Uvundo ulikuwa unapanda ile kamba, na vizimba vilikuwa vinaning'inia juu yake tu.

Kwa mara ya kwanza tangu aijue kamba ile, Consolata aliogopa. Hakulala vizuri, na kulipokucha alipanda gari kwenda Bukoba, akapitia Hamugembe kwa bintiye kunywa uji, kisha akaenda kumtafuta afisa uvuvi.

Violeth alikuwa msichana wa rika la Annastella, mpole, mwenye viatu vya mpira na kifaa kirefu chenye waya ambacho alikibeba kwa uangalifu mkubwa. Hakumkatiza Consolata. Alisikiliza habari za kamba mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri, na siku ya pili yake akaja Rubafu. Walizunguka na boti ya Burhani, ndani ya ghuba na nje ya jabali, Violeth akishusha kifaa chake na Consolata akishusha kamba yake. Walipomaliza, Violeth alikaa kwenye ubao wa boti akamweleza, na alieleza vizuri, kiasi kwamba Consolata alitamani angekuwa mwanawe.

Alisema ziwa halina maji mamoja. Maji huzaliwa kulingana na mahali yalipokaa. Kwenye kina kifupi kama ghuba ile, mchana jua linayapasha upesi, ya juu yanakuwa mepesi na kukaa juu kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Usiku maji ya pembeni, yasiyo na kina, yanapoa kabla ya mengine, yanakuwa mazito, yanateleza juu ya tope mpaka chini kwenye kina. Mvua ikinyesha, vijito navyo vinaleta maji ya baridi yenye udongo, nayo yanashika njia ya chini. Nje ya jabali upepo unayakoroga maji yote, yanapumua. Ndani hakuna wa kuyakoroga. Kwa hiyo ghuba inajitengenezea maji yake yenyewe, aina mbili, ya juu yenye joto na ya chini yaliyofungiwa, na nje yake kuna aina ya tatu, maji ya ziwa kuu. Akamwonyesha mstari mwembamba wa povu na majani ulionyooka kutoka kwenye ncha ya jabali. Huo ndio mpaka, akasema, yanapokutana ya ndani na ya nje. Consolata alikuwa ameuona mstari ule tangu alipoolewa, akidhani ni uchafu.

Kisha Violeth akafika kwenye lililomleta. Maji ya chini hayapati hewa kutoka juu, na kila kinachoanguka huko kinaoza na kuila hewa iliyobaki. Kwa sasa maji mabaya yamelala. Lakini kabla ya masika huja upepo wa kutoka bara, unashuka vilimani kuelekea ziwani. Ukivuma kwa nguvu, utayasukuma maji ya juu yatoke nje ya ghuba, na ya chini yatapanda kujaza nafasi. Samaki wa ziwani atakimbia akiweza. Wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Alishauri wavihamishe vizimba nje ya mstari wa povu, mapema.

"Kuna kitu kingine mnachotia majini, mama, zaidi ya chakula cha dukani?" aliuliza.

Consolata alitazama pembeni, akarekebisha kanga. Akasema watu ni wachafu, huwezi kujua wanatupa nini.

Jioni ile aliwaita Tweyambe. Kama ulitegemea kwamba aliungama, humjui Consolata. Alisimama na kutangaza kwamba kuanzia kesho samadi na maganda ni marufuku, na kwamba vizimba vinatoka ghubani, kwa sauti ile ile, na kidole kile kile, kama alivyotangaza mwaka uliopita kwamba vinaingia. Alieleza maji matatu kana kwamba aliyatengeneza yeye. Wanawake walitazamana. Mmoja alikumbusha, kwa adabu, ni nani hasa aliyesema mbali ni rweya. Consolata akasema rweya ya nchi kavu na rweya ya majini ni vitu viwili tofauti, na aliyekuwa na swali lingine alimeza.

Datius hakumeza. Alikuja akiwa na jembe begani, akasikiliza mpaka mwisho. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Nje kuna mawimbi yatakayochana nyavu. Nje kuna wezi, na hakuna jicho. Samaki wako hai, wananenepa, maji ni ya kijani kama yalivyotakiwa yawe, na wewe unataka kuyaacha kwa sababu dumu lako linanuka. Consolata akamjibu kwamba si dumu, ni maji yenyewe. Wakarushiana maneno mpaka Georgina akaanza kulia, na hapo Datius akashusha jembe, akasema polepole ili wote wasikie.

"Mama Annastella, mimi sikuzuii. Lakini ukitoka mbele ya kibanja changu, usirudi kufunga kamba kwenye jabali langu. Kamba yoyote."

Kamba yoyote maana yake ni ya vizimba na ya dumu pia. Consolata alielewa vizuri sana. Wakiibiwa huko nje, au nyavu zikachanika, wanawake waliomwamini watabaki mikono mitupu, na yeye hatakuwa hata na mahali pa kuzamisha juisi yake. Ngenge aliondoka akiwa msichana, hapakuwa na wa kumpokea. Alilala juu ya neno lile akageuka huku na huku. Akafikiria kunyamaza. Halafu akafikiria samaki wakipanda juu kwa ajili ya hewa ambayo haipo, akapiga moyo konde.

Kuhamisha kizimba si kuvuta mtumbwi. Siku ya kabla yake hawakuwalisha samaki, kwa kuwa samaki aliyeshiba hachelewi kufa akisumbuliwa. Asubuhi, maji yakiwa shwari, waling'oa nanga za mawe, wakafunga kizimba cha kwanza nyuma ya boti ya Burhani, na Burhani akaendesha taratibu kiasi kwamba bata angempita. Ukienda mbio nyavu zinabetuka na samaki wanabanana upande mmoja mpaka wanakufa. Consolata, ambaye hajui kuogelea hata leo, alikaa kwenye mbao za kizimba miguu ikining'inia, akiamuru kushoto na kulia. Walipovuka mstari wa povu aliingiza mkono majini. Yalikuwa mengine. Yalikuwa na baridi kidogo, maangavu, hayana utelezi. Akawaambia wenzake waguse, nao wakagusa, wakaacha kunung'unika kwa muda.

Vizimba viwili vikalala nje, karibu na mwamba wanapotua ndege wa ziwani. Cha Datius kikabaki ghubani peke yake.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Nje kulikuwa na mawimbi kweli, wanawake walitapika zamu kwa zamu, na wavu mmoja ulichanika wakaushona wakiwa wamelowa. Samaki walikula kidogo kuliko walivyozoea. Ghubani, kizimba cha Datius kilielea kwa utulivu, na yeye aliteremka kila asubuhi na toroli lake, akimwaga maganda bila haraka, akiwa na uhakika kwamba anaonekana. Mwaloni watu walianza kumtania Consolata, wakimwuliza kama amekwisha kulima ile rweya yake. Alikuwa anauza omuramba wa uvuguvugu, amefunga dumu kwenye boti ya Burhani, na hilo lilimkera kuliko utani wenyewe. Lakini aliyemwuliza kama amejuta alipata jibu moja tu, kwamba yeye hufunga kamba mahali panapofaa, na wengine watafuata wakiwa wamechelewa.

Upepo ukaja. Ulianza alasiri, ukishuka kutoka vilimani, ukalaza majani ya migomba upande mmoja na kuyachana, na ulivuma mpaka alfajiri. Kulipopambazuka ukatulia, na harufu ikapanda mpaka nyumbani. Consolata aliitambua kabla hajafungua mlango.

Alishuka akikimbia. Ghuba ilikuwa imebadilika rangi, kijani kimekwenda, maji yamekuwa ya kahawia yenye weusi. Samaki wadogo wa furu walikuwa wanaelea tumbo juu, na sato wa ziwani, na kambale mkubwa mmoja ambaye watu walisema aliishi chini ya jabali tangu enzi za babu zao. Datius alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, ameshika ukingo wa kizimba chake. Samaki wake walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Wengi walikuwa wamekwisha kulala ubavu. Georgina alikuwa ufukoni ameshika kichwa.

Watu wanaomjua Consolata wanasema hapo walitegemea kusikia hotuba. Badala yake alimwita Burhani kwa mkono, akajitosa mpaka kiunoni, yeye asiyejua kuogelea, akaanza kufungua fundo la kamba kwenye jabali. Datius alimtazama kidogo, akamwachia fundo lile, akaenda kung'oa la upande wa pili. Wanawake wa Tweyambe waliteremka mmoja mmoja. Hakuna aliyewaamuru.

Walivuta kizimba taratibu, hivyo hivyo, ingawa kila mtu alitamani Burhani akanyage mafuta. Njiani waliwatoa waliokufa kwa vikapu na kuwamwaga. Datius alikaa ubavuni mwa Consolata kwenye mbao, amelowa, na mikono yake ilikuwa inanuka kama ile kamba. Walipovuka mstari wa povu, samaki waliobaki walizama kwa pamoja. Datius alishtuka akadhani wamekufa wote. Consolata akamwambia wanashuka kwa sababu wamepata hewa, atulie. Na kweli, baada ya muda waliwaona chini, wakizunguka. Labda theluthi moja walipona.

Vizimba vya wanawake vilikuwa pale karibu na mwamba wa ndege, vinapanda na kushuka na mawimbi, na ndani yake samaki walikuwa wanasubiri chakula cha asubuhi. Hakuna aliyekufa. Burhani akazima injini. Datius alishika mwisho wa kamba yake mkononi, akatazama nanga, akatazama mapipa, akatazama mwamba. Alikuwa mtu mzima aliyezaliwa ufukoni pale, baba yake na babu yake walizikwa juu pale kwenye migomba, na alionekana mgeni.

"Mama Annastella," akasema, "nifunge wapi?"

Consolata alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Alikuwa ameyaandaa kwa wiki mbili, mengine yalikuwa mazuri sana. Akamwonyesha bomba la ukingo wa kizimba cha Tweyambe.

"Funga hapa, shemeji. Na ile samadi ilikuwa wazo langu. Nililitoa Ngenge. Samaki wako wamekufa kwa neno langu, na afisa aliponiuliza nilificha."

Burhani anaapa kwamba hajawahi kusikia Consolata akisema kitu kama hicho, kabla wala baadaye. Datius alikaza fundo, akalijaribu kwa kulivuta.

"Najua," akasema. "Na mimi nilimwaga kuliko ninyi wote."

Kisha Consolata akafungua fundo la kanga yake. Humo huweka akamwani wake wa kutafuna akiwa kwenye boti, kwa ajili ya kichefuchefu. Datius alipoliona fundo likifunguka, mkono wake uliinuka wenyewe kuzipokea azigawe, kama alivyozoea miaka yote. Halafu akatambua mahali alipo, juu ya maji ambayo hayakuwa mbele ya kibanja chochote, kizimba chake kimefungwa kwenye bomba la mwanamke huyu. Akaushusha mkono, akauweka juu ya ule mwingine, viganja vimefunguka, kama apokeavyo mgeni.

Consolata akahesabu punje kadhaa, akamtilia.

"Karibu, shemeji."

"Kasinge waitu," Datius akashukuru, akatafuna.

Siku hizi ukienda mwaloni utamkuta Consolata pale pale juu ya ndoo yake, na atakueleza habari za maji matatu, upende usipende, na jinsi alivyoyagundua yeye. Violeth akipita humwacha aseme, na hucheka. Kamba ya dumu imefungwa tena kwenye jabali la Datius, lakini inashushwa mpaka kipande cha pili cha kitenge tu. Na mgeni akiingia kwa Consolata jioni, mlango wa Datius ng'ambo ya uwanja unakuwa wazi, Datius yuko kizingitini anakoboa maharage, anaona kila kitu, wala hainuki kwenda kunawa mikono.